Dirisha la Saa Tatu Asubuhi

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Siku imeanza vibaya. Nimeingia kwenye chumba changu cha kuchorea nikamkuta binamu, mwana wa Shangazi, kapiga magoti anapima sakafu kwa futi kamba. Hodi hakupiga. Nikamuuliza kapoteza nini. Akasema hajapoteza kitu, anaangalia kama maboksi mia ya karatasi yataenea. Karatasi zake za fotokopi! Ndani ya chumba ambamo Sanaa inazaliwa!

Nikaenda mbio kwa Shangazi, uso sijanawa. Chumba ni chake, nyumba ni yake, hata kikombe ninachosuuzia brashi ni chake (hajui). Nikamkuta anakunywa chai. Hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Shangazi akifoka, jambo litaisha kabla chai haijapoa. Akisema taratibu, ujue keshaamua.

Akasema ananipenda. Akasema mimi ni mtoto wa kaka yake na damu haiombi radhi. Akasema pia miaka sita inatosha. Hadi Jumamosi jioni niwe na kazi ya uchoraji ya kila wiki, si hizi za leo ipo kesho haipo, na awepo mtu mzima wa kuithibitisha kwa kinywa chake mwenyewe. La sivyo, Jumatatu ijayo nakwenda kusimama kwenye mashine ya binamu, na chumba kinakuwa stoo.

Mimi nitoe kopi! Mtu niliyezaliwa kutoa nakala halisi!

Nimepiga moyo konde. Nikafunga picha yangu kubwa, "Farasi Watatu", kwenye shuka, nikatoka kwenda kuuza mlango kwa mlango katika jengo moja la maduka na ofisi. Mlangoni, nani? Bwana Ngazi. Huyu ni mchora mabango. Anatembea na ngazi begani hata akienda kununua mkate, ili watu waone kwamba ana kazi. Akafunua ncha ya shuka, akaniuliza wale mbwa nawapeleka wapi. Nikampita. Nina hadhi yangu.

Ghorofa ya chini wamekataa. Ghorofa ya kwanza wamekataa kwa adabu. Mlango wa mwisho kabisa, mwisho wa ukumbi, ni karakana ya ushonaji ya mama mmoja anayevaa mkasi shingoni kama medali, kila mtu anamwita Mama Mkasi. Akawatazama farasi wangu kwa muda mrefu. Nikaanza kuvimba kichwa. Akasema wanamtazama vibaya, niwaondoe. Halafu akaguna, akasema yeye picha haitaki, anachotaka ni dirisha. Chumba chake hakina hata tundu. Ukuta wa nyuma umebanana na ukuta wa jengo la jirani, na miaka kumi na moja anashona kwa taa ya balbu.

Nikamwambia madirisha ndiyo kazi yangu hasa. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia naanza kesho.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Nimechora tangu saa moja na nusu asubuhi. Sijawahi kuchora vile. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe!

Fremu ya mbao, vioo vinne, komeo la shaba na kivuli chake. Nje ya vioo kuna barabara, mti, mama amebeba mwavuli, anga safi ya samawati. Nilimuuliza Mama Mkasi kwenye dirisha lake iwe saa ngapi. Hakufikiri hata kidogo. Akasema saa tatu asubuhi, wakati mtu ana nguvu na bado hajaanza kuulizia chakula.

Karakanani kuna mafundi wawili. Mzee wa vifungo, jina lake ni hilohilo, Vifungo. Kazi yake ni kutoboa na kushona vifungo na kulalamika. Mwingine ni Bi Pindo, ambaye anapinda nguo zote na anacheka kabla hujamaliza kusema. Wana shughuli nzito: majoho arobaini ya kwaya, rangi ya damu ya mzee, yanatakiwa Jumamosi. Simu zao zinakaa kwenye kikapu mlangoni, kwa sababu mwaka jana mtu alikuwa anaongea na simu akasahau pasi juu ya suti ya bwana harusi. Saa ya ukutani pia imeondolewa. Vifungo alikuwa anaitazama kuliko sindano.

Saa nane nikaweka nukta ya mwisho. Mama Mkasi akachukua kitambaa, akakaa kwenye cherehani, akashona pazia, akalitundika kwa waya pande mbili za dirisha langu. Nilitaka kulia! Nikalia kidogo.

Halafu ikawa burudani. Bi Pindo alikusanya nyuzi mkononi akaenda kuzitupa nje dirishani, akagonga ukuta. Akacheka mpaka akakaa chini. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi, akaipeleka moja kwa moja dirishani kutazama rangi. Akaigeuza. Akafumba jicho moja. Akasema aa, sasa naiona, kumbe ni kijani kweli. Mwanga haupo! Ni ukuta! Lakini aliiona.

Bwana Ngazi naye akapita, akachungulia. Akasema komeo liko upande usiofaa, dirisha hilo likifunguka litamgonga mtu pua. Nimemwambia halifunguki. Akasema ndivyo ninavyosema mimi, dada, halifunguki. Akaenda zake na ngazi yake.

Alipopotea nikahamisha komeo.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Nilirudi nyumbani jana na ujira mkononi, nimejaa furaha, nikamweleza Shangazi habari yote tangu mwanzo. Akafurahi kweli. Akanipa kiti. Halafu akauliza wiki ijayo Mama Mkasi atahitaji madirisha mangapi.

Lo! Sikuwa nimefikiria hilo. Chumba kimoja, ukuta mmoja, dirisha moja. Limekwisha.

Asubuhi nikakimbilia jengoni kuwauzia wengine. Daktari wa meno ana madirisha mawili. Wakili ana matatu na anataka kupunguza. Yule anayetengeneza miwani ana dirisha kubwa linaloonyesha barabara ileile niliyoichora, tena amenikosoa mti. Jengo zima, chumba kisicho na dirisha ni kimoja tu! Nikakaa kwenye ngazi za jengo, roho imeninywea. Nilijiona nimeshavaa kitambulisho cha binamu kifuani, nauliza watu wanataka upande mmoja au pande mbili.

Hapo ndipo Vifungo na Bi Pindo waliponikuta. Walikuwa wameomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, wote wawili, na maji yapo ndani. Wana kesi. Jana walifanya kazi hadi saa moja jioni bila kujua. Kila wakiinua macho ni saa tatu asubuhi! Vifungo, ambaye miaka yote amekuwa akihesabu saa kwa tumbo lake, alisema tumbo limechanganyikiwa: likitaka kunguruma linatazama dirisha, linaona aibu. Mama Mkasi alirudi kutoka kwenye mizunguko yake saa kumi na mbili, akawakuta bado wanashona wanaimba, akafurahi, hakuwaambia saa. Sasa wanaomba jua lishuke kidogo. Kidogo tu. Lifike saa kumi na moja, muda wa watu kwenda kwao. Bi Pindo akaahidi kunishonea koti la kuchorea lenye mifuko sita.

Mifuko sita!

Na papo hapo akili ikafunguka. Dirisha si kitu cha kuchora mara moja ukaondoka! Dirisha linahitaji kuhudumiwa! Nikapanda juu mbio, nikamwambia Mama Mkasi kwa sauti ya kitaalamu kwamba dirisha la aina hii lisipotunzwa kila siku litafifia, jua litachuja, mama wa mwavuli atapauka. Anahitaji mtunza dirisha. Kila wiki. Akanitazama juu ya miwani. Akasema sawa, kwa majaribio, hadi Jumamosi, Jumamosi ataamua. Sharti moja: mpaka majoho yaishe, iwe saa tatu asubuhi. Isisogee hata dakika.

Nikamwambia haitasogea.

Nikarudi kwa mafundi nikawaambia itasogea.

Mtu anaweza kuniita ndumilakuwili. Mimi naita kupata riziki. Jioni nimechora anga tatu kwenye vitambaa vya mabaki: ya mchana, ya jioni, na moja ya usiku yenye mwezi mpevu na nyota. Ya usiku haikuombwa na mtu yeyote, lakini msanii hawezi kusimama jioni. Bi Pindo kazipinda vizuri kwa siri, na zote zimetundikwa nyuma ya pazia, kila moja na kamba yake. Unavuta, anga inateremka. Unaachia, ni asubuhi tena.

Jambo jingine dogo. Kabla sijaondoka, Bi Pindo alikuwa anachagua uzi wa kupindia majoho. Zamani alikuwa anatoka na kitambaa hadi mwanzo wa ukumbi, kwenye mwanga. Leo hakuhangaika, akasogea dirishani na roli mbili. Akaniuliza mimi kama mtu wa rangi. Nikamwambia ile ya kushoto, imeingia sawasawa. Niliona raha sana kuulizwa.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Nimeula! Kazi hii ni tamu kuliko nilivyodhani. Nakaa kwenye kigoda kando ya dirisha na kitambaa, nafuta vumbi lisilokuwepo. Mama Mkasi anapita, ananiona nafuta, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Koti langu limefika. Mifuko yote sita imejaa brashi.

Saa tisa Mama Mkasi akatoka kwenda kwenye mizunguko. Nikavuta kamba ya mchana. Vifungo akashusha pumzi, akatoa chakula chake, akala. Ilikuwa mara ya pili, lakini akasema ile ya kwanza alikula asubuhi kwa mujibu wa dirisha, kwa hiyo haihesabiki. Kila kitu kikaenda sawa. Nikawaona wanafanya kazi kwa furaha, mashine zinaimba, majoho yanapanda mezani moja juu ya jingine. Nikajiona kama ninayeendesha dunia.

Ghafla ukumbini, kengele! Ule mkasi unaogonga vifungo vya gauni lake. Anarudi! Kumbe amesahau pochi. Mafundi wakanitumbulia macho. Mimi, badala ya kuachia kamba ya mchana, kwa kiwewe nikavuta nyingine.

Mlango ukafunguka. Mama Mkasi akasimama uso kwa uso na mwezi mpevu.

Vifungo, ambaye mwili wake unatii dirisha kabla ya akili, alikuwa keshavaa koti na kofia na amesimama mlangoni anamwambia Mama Mkasi usiku mwema.

Nikasema ni jaribio. Nikasema kila dirisha la daraja la juu lazima lijaribiwe kwa giza, kuona kama linavuja. Nilikuwa natoka jasho hadi kwenye mifuko. Mama Mkasi akaukaribia mwezi, akaugusa kwa kidole. Akasema ni mzuri. Akasema unamkumbusha ujana wake, na kwa dakika moja uso wake ulilainika kama kitambaa kilichopigwa pasi. Halafu akasema ujana haushoni majoho, rudisha saa tatu. Akachukua pochi. Akamvua Vifungo kofia kwa mkono wake, akaenda.

Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Saa kumi na moja nikashusha jioni, wakaenda kwao wakipiga miluzi.

Nyumbani nimemwambia Shangazi kwamba nina kazi ya kila wiki na mthibitishaji ni Mama Mkasi. Akashtuka. Kumbe yale majoho ni ya kwaya yake! Yeye ndiye aliyeshauri rangi. Akasema atakuja mwenyewe Jumamosi kuchukua la kwake, na hapo hapo atauliza kuhusu kazi. Binamu amesikia, akanuna. Raha iliyoje!

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Nimemwaga unga.

Ngoja niandike kwa mpangilio. Saa tano asubuhi (saa ya kweli) majoho yote arobaini yalikuwa yamekwisha kupindwa. Vifungo akachukua moja akatoka nalo nje ya jengo kulikung'uta. Akakawia. Akarudi taratibu, amelishika mbali na mwili wake, uso umemshuka. Akaashiria kwa kidevu kwamba tutoke.

Tukatoka wote. Jua lilikuwa kali. Joho ni damu ya mzee. Uzi wa pindo, kuzunguka chini kote na kwenye mikono, ni zambarau. Zambarau ya kupiga kelele! Mishono mikubwa, mizito, ya mapambo, mara arobaini.

Mama Mkasi akamgeukia Bi Pindo, akauliza alilinganishia wapi. Bi Pindo akasema dirishani. Akauliza dirisha gani. Kila mmoja wetu alikuwa amesahau. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini kapeleka kitambaa kwenye ukuta ili akione vizuri! Tena Bi Pindo, maskini, hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe. Nikasema mimi ndiye niliyechagua ya kushoto. Sijui kwa nini nilisema, lakini nisingeweza kumwona yule dada analaumiwa na huku nimevaa koti lake.

Mama Mkasi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akasema muda wa kufumua uzi na kupinda upya haupo, kwaya inaimba Jumapili, jina lake la miaka kumi na moja limekwenda na maji. Akasema nisirudi tena. Akamwita Bwana Ngazi aje kulipaka lile dirisha rangi nyeupe, lisionekane tena.

Nikabaki nimesimama ukumbini. Nililia, na sikujificha. Si kwa ajili ya fotokopi tu. Nililia kwa ajili ya dirisha. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitengeneza, na kiliishi siku tatu.

Bwana Ngazi akaja na debe lake. Akasimamisha ngazi. Akapanda. Akachovya brashi. Akakaa pale juu, brashi hewani, kwa muda mrefu mpaka rangi ikamdondokea kiatuni. Kisha akashuka. Akamwambia Mama Mkasi kwamba yeye hawezi. Akasema amechora mabango maisha yake yote na hajawahi kuweza kutoa kivuli kama kile cha komeo, na mtu atakayekifuta asiwe yeye. Halafu akanigeukia akasema lakini sasa komeo liko mahali pake, unaona?

Nimekaa na mtu huyu vitani miaka sita! Nikamwambia ngazi yake ni nzuri.

Na nilipoitazama ngazi nikaona makopo yaliyoning'inia. Bwana Ngazi anachora pia mabango ya vitambaa. Ana rangi ya nguo! Isiyotoka kwa maji! Nikaruka. Nikamwambia Mama Mkasi kwamba uzi si lazima ufumuliwe. Uzi utapakwa. Mshono kwa mshono, kwa brashi nambari sifuri, ile nyembamba kuliko zote, damu ya mzee juu ya zambarau. Akasema nimerukwa na akili. Akatazama majoho arobaini. Akasema basi tuanze.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Mgongo wangu umekwisha, lakini roho yangu kwatu.

Tulianza jana mchana na leo alfajiri tukarudi. Bwana Ngazi kachanganya rangi: nyekundu, nyeusi kiasi, kahawia tone moja. Safari hii tulikwenda kuilinganisha nje, kwenye jua la kweli, watu watano tumezunguka kijiko. Kisha tukakaa mezani sote, majoho magotini. Bi Pindo ananyoosha pindo, Vifungo anapuliza ikauke, mimi na Bwana Ngazi tunapaka. Mkono wake hautetemeki kabisa. Nilimpita kwa kasi, akanipita kwa unadhifu. Tulishindana hadi joho la kumi na tano kabla hatujagundua kwamba tunapiga soga.

Joho la thelathini na tisa, rangi ikaisha. Tukakwangua kopo. Tukakwangua kijiko. Limebaki moja, nambari arobaini, zambarau tupu, na maduka ya rangi Jumamosi mchana yamefungwa. Nikasoma karatasi iliyobanwa kolani ili nijue ni la nani.

La Shangazi.

Na Shangazi huyo mlangoni! Kavaa viatu vya kutokea, na nyuma yake binamu na futi kamba mfukoni. Maji yakanifika shingoni. Akasalimia watu wote. Akaomba joho lake. Mama Mkasi akanitazama, nikamtazama Bwana Ngazi, yeye akaitazama ngazi. Hakukuwa na la kufanya. Mama Mkasi akampa.

Shangazi akalipokea kwa mikono miwili. Akatazama huku na huku. Halafu, jamani, bila kuambiwa na mtu, akaenda moja kwa moja dirishani! Akaliinua joho mbele ya kile kioo changu cha chini kushoto, akageuza pindo, akasogeza uso. Bi Pindo alikuwa ameuma tepe yake ya kupimia. Shangazi akasema, eeh, rangi imeingiana vizuri, huwezi kujua uzi uko wapi. Akasema mwanga wa hapa ni mzuri sana, nyumbani kwake hauko hivi.

Nikaona jambo likitendeka usoni mwa Mama Mkasi. Lilianza kwenye nyusi. Miaka kumi na moja wateja wamekuwa wakimgombeza juu ya rangi: hii si ile niliyochagua, hii imefifia. Na tangu Jumanne, mteja mmoja baada ya mwingine kaja hapa dirishani na kuondoka ameridhika. Hakuna aliyelalamika! Akajifuta mikono. Akamwambia Shangazi kwamba dirisha hili linatunzwa na msichana wako, kila Jumatatu na kila Alhamisi, na kwamba yeye hawezi kufanya kazi bila mtu huyu. Akalisema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Akaongeza kwamba kuanzia sasa uzi utachaguliwa nje, lakini wateja watatazamia ndani.

Shangazi akaketi. Akatoa leso. Akasema kaka yake angelikuwa hai angelifurahi. Binamu akauliza kama maana yake chumba hakipatikani. Akaambiwa hakipatikani.

Nimempigia Bwana Ngazi makofi, yeye akanipigia mimi. Hakuna aliyemwambia Shangazi kuhusu pindo. Hakukuwa na nafasi nzuri ya kuliingiza.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwaya imeimba uwanjani. Uwanjani! Katika jua! Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni ukumbini.

Nilikaa nyuma kabisa, mguu niponye. Waimbaji thelathini na tisa wakaingia na mapindo ya damu ya mzee, safi, huwezi kuona uzi. Wa arobaini alikuwa Shangazi, na pindo la zambarau likimzunguka kama uzio uliopakwa jana. Akaangalia chini. Akaona. Akainua macho akanitafuta kati ya watu mia mbili na akanipata papo hapo.

Mwalimu wa kwaya naye akaona. Akalitazama pindo, akawatazama wengine, akamtazama Shangazi. Nadhani akafikiri ni jambo lililopangwa na kamati bila yeye kuambiwa, na hakutaka ionekane hakuambiwa. Akamsogeza mbele, katikati, mahali ambapo kwa miaka minane amekuwa akisimama mama mmoja wa sauti nyembamba ambaye Shangazi hasemi naye. Na Shangazi akaimba! Sijawahi kumsikia hivyo. Aliimba nyimbo zote tano akiwa mbele, mabega juu, pindo linawaka.

Baadaye akanijia. Akasema anajua kabisa kwamba kuna jambo nimelifanya, na hataki kulijua. Akasema chumba ni changu. Akasema pia kikombe cha brashi nimrudishie, anajua tangu mwaka juzi. Halafu akanikumbatia na kunicheka sikioni mpaka nami nikaanza. Yule mama wa sauti nyembamba alikuwa anatutazama, na Shangazi akacheka zaidi.

Basi nimerudi chumbani kwangu. Changu! Nimekaa kati ya farasi wangu, nimetafakari wiki nzima kwa makini, na nimepata somo. Nimeapa: sitachora tena dirisha ambalo mtu atalitegemea ili aone kitu. Ni hatari. Majoho arobaini yameponea chupuchupu. Kamwe!

Kwa hiyo kesho, nikienda kutunza lile lililopo, nitamweleza Mama Mkasi wazo jipya. Kona yake ya kujaribia nguo haina kioo. Kioo cha kweli ni ghali, kinavunjika, na kinawaambia wateja mambo ambayo hawakuuliza. Mimi nitamchorea. Nimeshaanza rasimu: mwanamke wa makamo, amesimama wima, gauni limemkaa barabara, kiuno kinaonekana. Kila atakayekuja kujaribu nguo atasimama mbele yake na kujiona hivyohivyo.

Wanaume nitawafikiria Alhamisi.